Kwihara na Tabora inayokua: Kijiji cha misafara kinapogeuka mtaa wa mji

Na Mwandishi Wetu

Ujenzi wa Reli ya Kisasa (SGR) unairudisha Tabora katika nafasi iliyokuwa nayo tangu karne ya 19, yaani mahali ambapo njia kuu za nchi hukutana na kugawanyika. Vipande vitatu vya reli hiyo vinabeba jina la Tabora: Makutupora–Tabora chenye urefu wa kilomita 368, Tabora–Isaka kilomita 165, na Tabora–Kigoma kilomita 506, zikijumuishwa njia za kupishania treni. Maji ya Ziwa Victoria nayo yamekwisha kufika mjini. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ya Tabora ikiwa na wakazi zaidi ya 300,000, kutoka 226,999 waliohesabiwa mwaka 2012.

Mji unaokua kwa kasi hiyo huhitaji ardhi, na ardhi iliyo jirani ni ya vijiji vya zamani. Kimojawapo ni Kwihara, kilichopo kilomita chache kusini magharibi mwa katikati ya mji na ndani ya mipaka ya Manispaa. Kwa mgeni, Kwihara ni makazi ya pembezoni yenye mashamba, miembe mikubwa na nyumba ya kumbukumbu ya Dkt. David Livingstone. Kwa historia ya Taifa, ni mojawapo ya vituo vikuu vya njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji kwa umbali wa takribani kilomita 1,200.

Makala haya yanachambua jambo moja. Kijiji kinapomezwa na mji, sheria huhamisha utawala wake na ardhi yake kwa utaratibu unaoeleweka. Historia yake haina mtu wa kuihamisha. Hubaki tu pale inapoandikwa kwenye mchoro wa mipango miji kabla viwanja havijapimwa. Kwa Tabora, wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kabla reli mpya haijapandisha bei ya kila mita ya ardhi.

Njia iliyozaa mji

Kabla ya kuitwa Tabora, makazi ya wafanyabiashara kutoka pwani katika nchi ya Unyanyembe yaliandikwa na wageni kwa jina la Kazeh. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857 na kukuta tayari pana biashara kubwa ya pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuelekea Ufipa.

Mwenye nchi alikuwa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikaa kwa ridhaa yake, na uhusiano huo ulikuwa wa makubaliano yaliyoweza kuvunjika. Baada ya kifo cha Fundikira mwaka 1858, mrithi wake, Mnywa Sere, aliingia katika mgogoro na wafanyabiashara kuhusu ushuru wa bidhaa. Aliondolewa madarakani, Mkasiwa akasimikwa mahali pake, na vita vya msituni vikaendelea hadi Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865.

Wafanyakazi wa njia hiyo walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliokodishwa kwa ujira. Walikuwa na viongozi wao, kanuni zao za mzigo na posho, na waliweza kugoma au kuacha mzigo pale masharti yalipovunjwa. Sambamba nao walipita watu waliotekwa, wakipelekwa pwani bila hiari yao. Njia moja ilibeba kazi ya hiari na utumwa kwa wakati mmoja, na kumbukumbu yoyote ya kweli ya Kwihara haina budi kuyataja yote mawili. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, hivyo kizazi kilichouona bado kilikuwa hai wakati reli ya kwanza ikifanya kazi.

Reli hiyo ya kwanza ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara, lakini kituo chake kiliwekwa mjini, na biashara ikahama kwenda kilipo kituo. Vituo vya misafara kama Kwihara vikabaki pembeni. Ni funzo la kwanza kwa kizazi cha SGR: reli huinua mahali pamoja na kupasahau pengine, na mara nyingi huamuliwa na kipande cha kilomita chache tu.

Kwihara, mahali pa maamuzi

Kwihara palikuwa makao ya Sayyid bin Salim, aliyekuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar kwa wafanyabiashara wa Unyanyembe. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika hapo akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akapewa tembe la kukaa, yaani nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la kutandazwa, inayozunguka ua. Alikuwa hapo Agosti mwaka huo, Mirambo wa Urambo alipoishambulia Tabora na kuichoma sehemu yake, baada ya wafanyabiashara kujaribu kumvunja nguvu kwa kuwa alitaka kuidhibiti njia ya kwenda Ujiji. Stanley aliweka ulinzi kwenye tembe lake akitarajia kushambuliwa. Mwenzake wa safari, John Shaw, alifia Kwihara na kuzikwa huko.

Februari 1872 Stanley alirudi Kwihara akiwa pamoja na Livingstone. Alipoondoka mwezi uliofuata, Livingstone alibaki akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi Agosti 25, 1872, alipoianza safari yake ya mwisho. Miezi hiyo ndiyo iliyokipa kijiji umaarufu wa kimataifa, na ndiyo inayoelezwa katika nyumba ya kumbukumbu iliyojengwa upya mwaka 1957 kwa mfano wa tembe la zamani.

Hata hivyo, tukio lenye uzito zaidi lilifuata mwaka mmoja baadaye. Livingstone alifariki dunia Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake Abdallah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake na kuubeba kurudi pwani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe na kumkuta ofisa wa Uingereza, Verney Lovett Cameron. Ofisa huyo aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Walikataa. Waliendelea na safari hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, na Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Uamuzi huo ulifanywa na Waafrika waliokuwa wakitembea kwa miguu, dhidi ya ushauri wa ofisa wa dola kubwa ya wakati huo, na ulifanyika katika eneo ambalo sasa linasubiri kupimwa viwanja. Historia ya Kwihara ikisimuliwa kama historia ya mgeni mmoja aliyepanga nyumba, itapotea pamoja na nyumba. Ikisimuliwa kama historia ya wapagazi, watemi, watumwa na wafanyabiashara, itaonekana ni ya kijiji kizima: njia, visima, makaburi na miembe.

Majina yaliyobaki na yaliyopotea

Jina ndilo jambo la kwanza kupotea mji unapokua. Kazeh, lililokuwa kwenye ramani za Ulaya kabla ya Tabora, leo si jina la kata yoyote ya Manispaa. Itetemia, jina linalohusishwa na makao ya Mtemi Fundikira, limesalia kwa kuwa lilipewa kata. Kwikuru, ngome ya Mtemi Isike, ilibomolewa na majeshi ya Wajerumani Januari 1893. Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani, akipendelea kufa kuliko kutekwa. Neno lenyewe, hata hivyo, limeishi kuliko ngome: ikulu katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma ni makao ya mtemi, na Kiswahili kimelichukua kuwa jina la makao ya Rais.

Mfano wa kulinganisha upo mwisho wa njia hiyo hiyo. Ujiji, kituo cha misafara kando ya Ziwa Tanganyika, nayo ilimezwa na mji wa reli, yaani Kigoma. Lakini halmashauri ya huko inaitwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kistari kimoja katika jina kimetosha kumkumbusha kila anayepokea barua ya ofisi hiyo kwamba mji una wazee wawili. Tabora haikufanya hivyo kwa Kazeh, na gharama yake inaonekana: watoto wengi wanasoma jina hilo vitabuni bila kujua kuwa wanakaa juu yake.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa jambo hili linawezekana kwa gharama ndogo. Barabara na njia zilipewa majina na nyumba zikapewa namba, na katika maeneo mengi wananchi wenyewe walipendekeza majina katika mikutano ya mitaa. Kila barabara mpya inayochorwa katika makazi yanayopanuka ni nafasi nyingine ya kurejesha jina la mtemi, la kisima au la kituo cha misafara, badala ya kuiacha ikabaki na namba ya kitalu.

Kijiji kinapokuwa mtaa, nini hubadilika?

Kisheria, kijiji na mtaa si kitu kimoja chenye majina mawili. Kijiji kinaongozwa na Halmashauri ya Kijiji, inayowajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 (Sura 114), halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, ikiwemo ya matumizi ya pamoja kama malisho, misitu ya jadi na maeneo ya matambiko.

Kijiji kinapofutwa na kuwa mtaa, usimamizi huo huondoka. Ardhi husimamiwa kama ardhi ya jumla chini ya Sheria ya Ardhi (Sura 113) na Sheria ya Mipango Miji (Sura 355), na mamlaka ya upangaji ni halmashauri ya manispaa. Mtaa hubaki na mkutano wake na mwenyekiti wake, wenye kazi ya kushauri, kuhamasisha na kusimamia ustawi wa wakazi, lakini bila mamlaka ya kugawa ardhi.

Mabadiliko haya yana manufaa ambayo wananchi wengi wanayatamani. Mkazi hupata kiwanja kilichopimwa na hati miliki anayoweza kuitumia kama dhamana ya mkopo, huku huduma za maji, umeme na barabara zikisogea karibu. Hakuna sababu ya kuwataka wakazi wa Kwihara au kijiji kingine chochote waendelee kukosa huduma hizo ili wageni waje kupiga picha za udongo.

Tatizo lipo kwenye kile ambacho vipimo havikioni. Katika hesabu ya mthamini, mwembe ni mti wa matunda wenye bei yake kwa kadiri ya umri, hata kama ulipandwa na watu wa misafara na ulikuwa kivuli cha wapagazi. Kaburi linahamishwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1969 inayohusu kuhamisha makaburi, na fidia yake hugusa gharama za kuhamisha na kuzika upya. Njia ya miguu iliyokanyagwa kwa miaka 100 haina mmiliki, hivyo haina wa kulipwa wala wa kuitetea, na viwanja hukatwa juu yake. Hakuna aliyevunja sheria katika hatua yoyote kati ya hizo, lakini mwisho wake kijiji hakipo.

Mpaka wa mwaka 1863

Wananchi wengi huamini kuwa kitu cha kale hulindwa na Serikali kwa sababu tu ni cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 (Sura 333) ni mahususi zaidi. Majengo, ngome, makaburi, visima na mahandaki yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 hulindwa moja kwa moja. Milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki hulindwa ikiwa ilichongwa kabla ya mwaka 1940. Kilichojengwa baada ya mwaka 1863 hulindwa pale tu Waziri mwenye dhamana anapokitangaza katika Gazeti la Serikali.

Mpaka huo una maana kubwa kwa Tabora. Vita vya Mirambo ni vya mwaka 1871. Siku za Livingstone na uamuzi wa Susi na Chuma Unyanyembe ni za mwaka 1872 na 1873. Kifo cha Isike ni cha mwaka 1893, na reli ya kwanza ni ya mwaka 1912. Mkutano Mkuu wa TANU uliopitisha Uamuzi wa Busara, wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu na kufungua njia ya Uhuru, ulifanyika Tabora Januari 1958. Sehemu kubwa ya historia ambayo Tabora inajivunia imetokea upande wa pili wa mwaka 1863. Kwa hiyo haiwezi kutegemea umri peke yake; inahitaji kutangazwa.

Nyumba ya kumbukumbu ya Kwihara inatunzwa na Serikali. Lakini nyumba moja ndani ya ukuta wa viwanja vipya haiwezi kueleza njia ya misafara. Sheria hiyo hiyo inazipa mamlaka za serikali za mitaa uwezo wa kutunga sheria ndogo za kuhifadhi maeneo yenye thamani ya kihistoria katika maeneo yao. Huu ni mlango ambao halmashauri zinaweza kuutumia bila kusubiri hatua ya ngazi ya Taifa.

Urithi unaoweza kulipa

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu ili iingizwe katika orodha ya awali ya maeneo yanayoweza kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kuwa katika orodha ya awali si ulinzi wala si heshima ya mwisho. Ili eneo likubaliwe, nchi hutakiwa kuthibitisha kuwa uhalisia wake umebaki, kuwa lina mipaka inayofahamika, na kuwa lina ukanda wa kinga unaolizunguka.

Hapo ndipo mchoro wa mipango miji wa Tabora unapokutana na ndoto ya Taifa. Kituo kimoja kikizibwa kabisa na ujenzi, hoja ya njia nzima hudhoofika, kwa kuwa thamani ya njia ni mwendelezo wake. Kikihifadhiwa, SGR yenyewe inakuwa msaada. Safari za treni kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na vipande vya magharibi vitakapokamilika, msafiri ataweza kwenda hadi Kigoma kwa kufuata karibu mwelekeo ule ule ambao mpagazi aliutembea kwa miezi mitatu au zaidi. Waongoza watalii, wapishi, madereva wa bodaboda na wauza asali ya Tabora ni miongoni mwa watakaofaidika ikiwa msafiri huyo atakuwa na sababu ya kushuka.

Gharama ya maandalizi si kubwa ikilinganishwa na miradi iliyopo. Inahitajika orodha ya maeneo yenye historia katika kila kijiji kinachoelekea kuwa mtaa, ichukuliwe pamoja na vipimo vya ardhi na si baada yake. Inahitajika miembe ya zamani, visima na makaburi yawekwe kwenye mchoro kama maeneo ya wazi au ya kumbukumbu. Njia ya zamani nayo ifanywe hifadhi ya barabara au njia ya waenda kwa miguu, badala ya kukatwa vipande. Mtaalamu wa mipango miji anaweza kuyafanya haya yote kwenye meza yake iwapo taarifa zitamfikia kabla ya kuchora.

Nafasi ya mwananchi

Taarifa hizo ziko kwa wananchi. Rasimu ya mpango wa eneo inapowekwa wazi kwa umma, wakazi wana haki ya kuiona na kutoa maoni, na maoni ya maandishi yenye kutaja mahali mahususi yana nguvu kuliko malalamiko ya jumla. Kabla kijiji hakijabadilika kuwa mtaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye uwezo wa kuandika katika muhtasari wake maeneo ambayo wanakijiji wanataka yabaki. Muhtasari huo unaweza kuambatanishwa na kumbukumbu za ardhi zinapohamia Manispaa.

Anayegundua kitu cha kale wakati wa kuchimba msingi, kisima au choo anatakiwa kutoa taarifa kwa uongozi wa eneo lake au kwa mamlaka ya mambo ya kale, na asikiuze wala kukisafirisha nje ya nchi bila kibali. Mwenye mlango wa zamani wa kuchongwa ajue kuwa unaweza kuwa unalindwa na sheria hata kama nyumba yenyewe ni mbovu. Mzee anayejua jina la mahali, la kisima au la njia alipeleke katika mkutano wa mtaa pale majina ya barabara yanapojadiliwa, kwa kuwa jina likishawekwa kwenye nguzo, ramani na mfumo wa anwani, kulibadilisha ni kazi ngumu.

Maafisa mipango miji, maafisa utamaduni na viongozi wa kata wana wajibu wa kuyapokea maelezo hayo kama data, sawa na wanavyopokea vipimo vya mipaka. Mji wa Tabora ulizaliwa na njia ya misafara, ukakuzwa na reli ya kwanza, na sasa unasubiri reli ya pili. Reli ya kwanza ilipokuja, hakuna aliyeulizwa Kazeh ilikuwa wapi. Safari hii sheria ipo, wataalamu wapo, na Kwihara bado ipo.